Mashindano ya Kimataifa ya Nyimbo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Thamani Yake

Maswali haya huulizwa na wasanii, watu wa televisheni, na walipa kodi wanaotaka kujua fedha zao zinakwenda wapi. Mifano mingi imetoka Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, kwa sababu lina historia ndefu na hesabu zilizo wazi. Hoja zenyewe zinayagusa mashindano yote ya aina hii. Msimamo wetu tunautaja mapema: mashindano haya yana thamani kubwa, ila thamani hiyo haikai kwenye kombe. Wanaovuna ni wale waliofika wakiwa wamejiandaa.

Shindano la kimataifa la nyimbo ni lipi hasa?

Ni lile ambalo kila nchi huleta wimbo mpya na mwimbaji wake, kisha nchi nyingine zinaupigia kura. Kinachoshindanishwa ni wimbo. Hapo ndipo linapoachana na mashindano ya kusaka vipaji, ambako mshiriki mara nyingi huimba nyimbo za wengine na kinachopimwa ni sauti yake. Tofauti hii ina uzito wa fedha. Wimbo mpya una mtunzi, mtunzi ana hakimiliki, na hakimiliki inaweza kumlipa kwa miaka mingi baada ya sherehe kwisha.

Yalianzaje?

Italia ilianza tamasha la Sanremo mwaka 1951, nyimbo zikishindana zenyewe kwa zenyewe mbele ya wasikilizaji wa redio. Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, ambao wengi wanaujua kwa jina la EBU, ulikuwa umeundwa mwaka mmoja tu kabla. Mswisi Marcel Bezençon, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wake, alilisukuma wazo la kufanya kitu kama Sanremo kwa nchi nyingi kwa pamoja. Eurovision ya kwanza ilifanyika Lugano, Uswisi, tarehe 24 Mei 1956. Nchi saba zilileta nyimbo mbili kila moja, na Lys Assia wa Uswisi akashinda.

Mashirika hayo hayakutafuta burudani peke yake. Yalitaka kuona kama matangazo ya moja kwa moja yanaweza kuvuka mipaka na kufika nyumba za nchi kadhaa kwa wakati mmoja, miaka 11 tu tangu watu wa nchi hizo waache kupigana vita. Mwaka 2025 shindano hilo, lililofanyika Basel, lilitazamwa na watu wapatao milioni 166.

Ni Eurovision peke yake?

Hapana. Chile ina tamasha la Viña del Mar tangu 1960, ambalo lina mashindano ya nyimbo ndani yake. Shakira alishika nafasi ya tatu hapo mwaka 1993, akiwa bado hajulikani nje ya Colombia. Nchi zinazozungumza Kihispania na Kireno zilikuwa na tamasha la OTI, umoja wa televisheni zao, kuanzia 1972 hadi 2000. Japani ilikuwa na tamasha la nyimbo la kampuni ya Yamaha jijini Tokyo kuanzia 1970 hadi 1989. Poland ilianza tamasha la Sopot mwaka 1961, na kati ya 1977 na 1980 tamasha hilo likabeba jina la Intervision, likizikutanisha hasa nchi za kambi ya Mashariki. Urusi ilifufua jina hilo jijini Moscow mwezi Septemba 2025 kwa kualika nchi 23. Vietnam ilishinda.

Tazama yalivyopotea mengi kati ya hayo. Shindano huishi pale ambapo mashirika ya utangazaji yana umoja imara na kila moja linachangia. Likiegemea kampuni moja au serikali moja, linakufa siku mfadhili anapochoka.

Nchi za Afrika zimewahi kushiriki?

Katika Eurovision, moja tu, na mara moja tu. Morocco ilimpeleka Samira Bensaïd mjini The Hague mwaka 1980. Aliimba kwa Kiarabu, akapata pointi 7, zote kutoka Italia, na kushika nafasi ya pili kutoka mkiani. Morocco haikurudi tena. Yeye, kwa jina la Samira Said, akawa mmoja wa nyota wakubwa wa muziki wa Kiarabu. Kwenye Intervision ya 2025 walikuwamo wawakilishi wa Kenya, Ethiopia, Madagascar, Afrika Kusini na Misri.

Wanaoshindana ni serikali?

Kikanuni, wanaoshindana ni mashirika ya utangazaji yaliyo wanachama. Shirika ndilo linalochagua wimbo, kulipa ada ya ushiriki na kurusha matangazo. Kwa watazamaji, hata hivyo, bendera ni bendera, na hakuna kanuni itakayowafanya wasahau hivyo.

Mshindi analipwa kiasi gani?

Eurovision haimpi mshindi hata senti. Anapewa kombe la kioo lenye umbo la maikrofoni na nafasi ya kuuimba wimbo wake tena usiku uleule. Mengine hutoa zawadi ya fedha: Intervision ya 2025 ilitangaza rubo milioni 30.

Basi fedha za msanii zinatoka wapi?

Zinatoka kwenye kile kinachofuata, na hapa tunaomba subira ya msomaji kwa sababu ndipo wengi wanapokosea hesabu.

Kuna mirabaha ya utunzi, inayolipwa kila wimbo unapopigwa redioni, kwenye televisheni au mtandaoni. Kuna mapato ya rekodi, yanayomwendea anayeimiliki, ambaye mara nyingi si mwimbaji. Kuna maonyesho na ziara, na kwa waimbaji wengi hizi ndizo zinazolipa kodi ya nyumba. Kuna pia matumizi ya wimbo kwenye filamu na matangazo ya biashara. Yote haya humkuta msanii aliyejipanga na kumpita asiyejipanga, hata kama amelibeba kombe.

ABBA, kundi la Uswidi, ndio mfano unaotajwa kuliko wote, lakini hutajwa nusunusu. Walishinda Eurovision mjini Brighton, Uingereza, tarehe 6 Aprili 1974 kwa “Waterloo”. Kinachosahaulika ni kwamba mwaka mmoja kabla walikuwa wameshindwa kwenye mchujo wa nyumbani Uswidi, wakaendelea kufanya kazi. Meneja wao, Stig Anderson, alikuwa pia mtunzi mwenza wa mashairi na mwenye kampuni ya rekodi ya Polar. Wimbo uliwekwa sokoni kwa lugha kadhaa, ukapanda hadi namba moja Uingereza na kuingia kumi bora Marekani. Ushindi uliikuta biashara ikiwa imesimama.

Céline Dion, raia wa Canada, aliishindia Uswisi mwaka 1988 kwa tofauti ya pointi moja, akiimba kwa Kifaransa. Umaarufu wake kwa nyimbo za Kiingereza ulikuja miaka michache baadaye, baada ya albamu mpya na kujifunza lugha kwa bidii.

Halafu wapo ambao hawakushinda kabisa. Domenico Modugno wa Italia alikuwa wa tatu mwaka 1958 na wimbo ambao dunia inaujua kama “Volare”, na wimbo huohuo ukapata tuzo za kwanza kabisa za Grammy za rekodi ya mwaka na wimbo wa mwaka. Rosa Linn wa Armenia alikuwa wa 20 mwaka 2022. Miezi iliyofuata “Snap” ukaenea TikTok na kuingia kwenye chati za nchi nyingi. Duncan Laurence wa Uholanzi alishinda 2019, lakini “Arcade” ulipenya Marekani mwaka 2021, na njia ilikuwa ni TikTok vilevile. Shindano liliufanya wimbo ujulikane upo. Kazi ya kuupeleka mbele ilifanywa baadaye, na watu wengine.

Wapo walioshinda na kusahaulika?

Wengi. Wakati mwingine wimbo ulitungwa kushinda usiku mmoja na haukuwa na nguvu za kuishi zaidi ya hapo. Wakati mwingine msanii hakuwa na wimbo wa pili.

Jiji mwenyeji linafaidika kweli?

Linaweza. Liverpool iliandaa Eurovision ya 2023 kwa niaba ya Ukraine, iliyokuwa imeshinda 2022 na isingeweza kupokea wageni vitani. Tathmini iliyofanywa baadaye ilionyesha uchumi wa eneo hilo uliongezewa pauni milioni 54.8. Fedha hizo zilipita kwenye hoteli, migahawa, usafiri na ajira za muda. Lakini ukumbi wenyewe unaingiza watu 11,000 hivi. Kilichowaleta mamia ya maelfu ni kwamba jiji lilitandaza sherehe ya wiki mbili nje ya ukumbi, pamoja na kazi za wasanii wa Kiukraine, na tiketi 3,000 zikatengwa kwa Waukraine waliohamia Uingereza kwa sababu ya vita. Liverpool tayari ilikuwa jiji linalojua kuuza muziki wake kwa wageni. Miundombinu ilikuwepo, wazoefu walikuwepo.

Mfano wa upande wa pili ni Copenhagen 2014. Waandaaji waliamua kugeuza karakana za zamani za kujengea meli kuwa ukumbi wa televisheni, na gharama zikavuka makadirio kwa mbali. Karakana ilipendeza kwenye skrini, lakini mlipaji hakupendezwa.

Baku 2012 inatufundisha jambo zito zaidi. Azerbaijan ilijenga ukumbi mpya kando ya bahari ndani ya miezi michache, na shirika la Human Rights Watch likaandika kuhusu wakazi walioondolewa kwa nguvu na nyumba zilizobomolewa eneo hilo. Hesabu ya faida isiyomtaja aliyepoteza nyumba si hesabu kamili, hata kama hoteli zote zilijaa.

Njia inayotupa imani ni ya Basel. Mwaka 2024 jimbo hilo lilitaka kutumia faranga za Uswisi milioni 37.5, wapinzani wakakusanya saini, na suala likaenda kwenye kura ya wananchi mwezi Novemba. Theluthi mbili hivi walikubali. Kwa hiyo shindano lilipofika Mei 2025, wakazi walikuwa wamekwisha kujadili bei na kuikubali wenyewe.

Ni lazima mwenyeji awe jiji kubwa?

Hapana. Mwaka 1993 Ireland iliandaa shindano katika mji mdogo wa Millstreet, wenye wakazi wapatao 1,500, ndani ya ukumbi uliojengwa kwa maonyesho ya farasi. Leo, na ukubwa wa mitambo ya jukwaa ulivyo, ingekuwa vigumu sana.

Kushiriki tu kunagharimu nini?

Kuna ada kwa waandaaji, gharama za mchujo wa nyumbani, usafiri, malazi, mavazi na mitambo ya jukwaa. Kanuni za Eurovision zinasaidia kidogo: wimbo usizidi dakika tatu na watu jukwaani wasizidi sita, hivyo nchi ndogo haihitaji kusafirisha kikosi.

Hata hivyo mzigo unawalemea wengine. Montenegro na Macedonia Kaskazini zilijiondoa 2023 kwa sababu ya gharama. Mwaka 2016 Romania iliondolewa wiki chache kabla ya shindano kwa kuwa shirika lake la utangazaji lilikuwa na deni kubwa kwa EBU. Mwimbaji alikuwa ameshachaguliwa na wimbo umesharekodiwa. Hata matajiri hupiga hesabu: shirika la Norway, NRK, liliuza haki zake za kutangaza Kombe la Dunia la 2010 ili kugharamia Eurovision jijini Oslo mwaka huohuo. Nayo mashirika matano yaliyokuwa yakichangia zaidi hadi 2025, ya Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Hispania na Italia, yamekuwa yakiingia fainali bila kupita nusu fainali. Wengine wanaona si haki. Sisi tunaona ni bei ya kuyafanya mashindano yaendelee kuwepo, mradi wimbo mbovu kutoka nchi tajiri uendelee kupata pointi sifuri, jambo ambalo limetokea zaidi ya mara moja.

Faida ya kitamaduni inapimwaje, ikiwa nyimbo nyingi zinaimbwa kwa Kiingereza?

Hili ndilo swali tunalolipenda kuliko yote.

Mwaka 1965 mwakilishi wa Uswidi aliimba kwa Kiingereza, na mwaka uliofuata ikawekwa kanuni kwamba kila nchi iimbe kwa lugha yake. Kanuni ililegezwa 1973, ikarudishwa 1977, ikafutwa tena 1999. Baada ya hapo Kiingereza kilitawala kweli, na nyimbo nyingi za miaka ya 2000 zingeweza kutoka nchi yoyote ile. Nani anakumbuka zilitoka wapi?

Lakini angalia zilizobaki vichwani. Serbia ilishinda 2007 kwa Kiserbia. Jamala wa Ukraine alishinda 2016 na “1944”, wimbo kuhusu kufukuzwa kwa Watatari wa Crimea chini ya Stalin, kiitikio chake kikiwa kwa Kitatari cha Crimea. Mamilioni ya watu waliisikia lugha hiyo kwa mara ya kwanza usiku ule. Salvador Sobral aliimba kwa Kireno mwaka 2017, bila mbwembwe, akakusanya pointi 758 na kuipa Ureno ushindi wake wa kwanza tangu ianze kushiriki 1964. Italia ilishinda 2021 kwa Måneskin, wakiimba roki kwa Kiitaliano. Mwaka 2025 Uswidi, yenye mazoea ya kuleta nyimbo za Kiingereza zilizosafishwa hadi kung'aa, iliwakilishwa na chaguo la wapiga kura wake, kundi la KAJ kutoka Finland, lililoimba kwa lahaja ya Kiswidi ya huko kwao.

Lugha za wachache zimenufaika pia. Joik, uimbaji wa jadi wa Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Ulaya, umesikika kwenye jukwaa hili tangu Norway ilipouleta 1980. Ufaransa imewahi kutuma nyimbo za Kibretoni na Kikorsika. Mtoto anayesikia lugha ya bibi yake mbele ya dunia nzima anajifunza kwamba si lugha ya kuonea haya. Hakuna mchumi atakayekuwekea hilo kwenye jedwali, lakini ni faida.

Kuna mfano wa utamaduni uliogeuka kuwa uchumi moja kwa moja?

Upo, na haukuwa hata wimbo wa mashindano. Dublin, tarehe 30 Aprili 1994, wakati kura zikisubiriwa, waandaaji wa Ireland walijaza muda kwa ngoma ya asili iliyoandikiwa muziki mpya na Bill Whelan, ikiongozwa na Jean Butler na Michael Flatley. Ilichukua dakika saba hivi. Mwaka uliofuata “Riverdance” ilikuwa onyesho kamili lenye tiketi zake, na baadaye likazunguka dunia.

Ireland ilishinda usiku huo, kwa mara ya tatu mfululizo. Ulizia watu wanakumbuka nini, watakutajia ngoma. Walikuwa na wachezaji waliokulia kwenye mashindano ya ngoma tangu utotoni, na mtayarishaji, Moya Doherty, aliyeona kwamba dakika za kujaza pengo ni dakika zilezile zinazotazamwa na bara zima.

Siasa haziharibu muziki?

Siasa zimo tangu mwanzo. Usiku uleule ABBA waliposhinda 1974, wimbo wa Ureno ulioimbwa na Paulo de Carvalho ulikuwa miongoni mwa nyimbo zilizofungana mkiani, kwa pointi 3. Siku 18 baadaye, usiku wa tarehe 24 Aprili, redio ya Lisbon iliupiga kama ishara ya kwanza kwa wanajeshi walioiangusha serikali ya kidikteta. Uliokuwa mkiani Brighton ukaingia kwenye historia ya taifa.

Ukraine ilipojiandaa kupokea shindano la 2005, iliwaondolea raia wa Umoja wa Ulaya sharti la viza kwa muda wa miezi kadhaa, kisha ikaliacha hivyo. Estonia, mwenyeji wa 2002, ilitumia nafasi hiyo kuzindua kampeni ya kujitangaza kama nchi mpya ya Ulaya, miaka miwili kabla ya kujiunga na Umoja huo.

Upande mchungu upo. Urusi ilizuiwa 2022 baada ya kuivamia Ukraine. Kwa shindano la 2026 jijini Vienna, mashirika ya Hispania, Ireland, Uholanzi, Slovenia na Iceland yalijiondoa kwa sababu ya ushiriki wa Israel. Anayesema shindano liwe la muziki tu anaomba kitu ambacho bendera jukwaani hazikiruhusu. La maana ni kanuni kuwa wazi na kutumika kwa wote kwa kipimo kimoja, na hapo waandaaji bado wana deni.

Majirani si wanapeana kura tu?

Wanapeana, na Ugiriki na Cyprus ndio mfano unaojulikana zaidi. Lakini majirani husikiliza redio zilezile na kuwajua wasanii walewale, kwa hiyo si kila kura ya jirani ni njama. Na kura za majirani peke yake hazitoshi kushinda. Mwaka 2023 umma ulimpenda zaidi Käärijä wa Finland, lakini majaji walimpa Loreen wa Uswidi pointi nyingi kiasi kwamba alishinda kwa 583 dhidi ya 526. Mjadala ule ulikuwa wa majaji na umma, wala haukuhusu ramani.

Msanii akichaguliwa kuwakilisha nchi, ashughulikie nini kwanza?

Kabla ya mavazi na mazoezi ya jukwaani, watunzi wote wakae waandike nani ana asilimia ngapi ya wimbo, wasaini, kisha wimbo usajiliwe kwenye chama cha kukusanya mirabaha. Ugomvi wa mgawanyo ni rahisi kumaliza kabla ya fedha kuingia. Pili, msanii asome mkataba wa shirika la utangazaji na wa kampuni ya rekodi akiwa na mwanasheria wake mwenyewe, aulize nani anamiliki rekodi, kwa muda gani, na katika nchi zipi. Tatu, aingie studio akamilishe wimbo wa pili na wa tatu. Msikilizaji aliyevutiwa atamtafuta mtandaoni usiku uleule, na akikuta wimbo mmoja tu, hatarudi.